Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kumcheka mgeni aliyezoea kula asichokitolea jasho. Matumizi hayo ni halali, lakini methali hii ina sura nyingine ambayo haitazamwi mara nyingi. Jembe si adhabu. Mgeni aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Atajua mpaka wa shamba ulipo na mahali udongo ulipo mgumu, na siku ya mavuno atakuwa na haki ya kusema neno. Mgeni asiyepewa jembe, hata akikaa mwaka mzima na kukirimiwa kila siku, hubaki mtazamaji.

Nataka kuifanya methali hii kuwa mizani ya kupimia jambo lililoingia katika shule zetu kwa vishindo, yaani elimu ya maroboti. Nitapima vitabu viwili. Cha kwanza ni tamthilia iliyolizaa neno roboti lenyewe. Cha pili ni kitabu cha mwalimu aliyetaka mtoto mdogo aitawale mashine kabla mashine haijamtawala yeye. Vyote viwili viliandikwa mbali na kwetu. Nitavisoma nikiwa nimesimama katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kwa kuwa kitabu chema hakina budi kustahimili kusomwa mahali ambapo mwandishi wake hakupafikiria.

Msomaji ambaye hajafika huko na ajaribu kuiona nchi yenyewe. Ni nchi ya vilima vipole, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha alasiri nyingi, na mara nyingine huja mvua ya mawe ikararua majani ya shamba zima kwa dakika chache. Mashamba makubwa ya makampuni yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis hawajasahau kwamba ilikuwa yao. Baadaye, hasa baada ya shirika la kukuza chai ya wakulima wadogo kuundwa mwaka wa 1964, jamaa nyingi zilipanda chai yao wenyewe katika vishamba vilivyozunguka nyumba zao. Katika mashamba yote hayo, makubwa kwa madogo, kazi iliyo moyo wa chai ni moja: mtu husimama kati ya michai, kikapu mgongoni, na kwa vidole vyake huchuma majani mawili na chipukizi moja. Hulipwa kwa kilo. Kwa kilo hizo watoto wengi wamesomeshwa, na yamkini baadhi yao ndio wanaosoma ukurasa huu.

Kisha ikaja mashine. Mashine ya kuchumia chai ya namna iliyo rahisi hubebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, ikiwa na injini ndogo, wembe mrefu, na mfuko unaoburura nyuma kama mkia. Nyingine ni kubwa, huendeshwa kama trekta. Wafanyakazi waligoma kuzipinga mwaka wa 2010, na ugomvi haukwisha. Mwezi wa Mei mwaka wa 2023 watu waliingia katika mashamba ya Kericho wakazichoma moto mashine kadhaa, na vurugu hizo zikaleta majeraha kwa raia na kwa askari.

Moto ule siusifu. Lakini pia siudharau, kwa maana moto ni lugha ya mtu aliyeona kwamba maneno yake mengine hayasikilizwi. Naukumbusha hapa kwa sababu tamthilia ninayotaka kuihakiki nayo ina moto ndani yake, na mioto hii miwili inafafanuana.

Tamthilia hiyo huitwa R.U.R. Iliandikwa na Karel Čapek, mtu wa taifa la Wacheki, mwaka wa 1920, na ikachezwa katika Jumba la Taifa la Michezo la Prague mwezi wa Januari mwaka wa 1921. Neno roboti halikubuniwa na Karel mwenyewe bali na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Alilitoa katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, ile kazi ambayo mkulima asiye na uhuru alimfanyia bwana wa ardhi bila hiari. Kwa hiyo, tangu siku ya kuzaliwa kwake, neno hili halikuhusu chuma wala umeme. Lilihusu swali la nani afanye kazi na nani ale matunda yake. Wazee wetu waliolazimishwa kufanya kazi za shuruti zama za ukoloni wangalilielewa upesi kuliko wengi wanaolitamka leo.

Hadithi yake ni hii. Katika kisiwa fulani pana kiwanda ambacho hutengeneza watu wa bandia na kuwauza duniani kote. Maroboti hao si wa chuma. Wameumbwa kwa nyama isiyo nyama, nao hufanana na binadamu hata mgeni asiweze kuwatofautisha. Siri ya kuwaumba imo katika hati za mzee Rossum, zilizofungiwa katika sanduku la kiwanda. Binti mmoja, Helena, huja kisiwani akitaka kuwatetea maroboti, nao mabwana wa kiwanda humpokea kwa furaha, na mkuu wao, Domin, humwoa. Miaka hupita. Binadamu, kwa kuwa hawafanyi kazi tena, hawazai tena. Maroboti huasi. Helena, akiona huruma juu ya kizazi cha binadamu kinachokoma, huzichoma hati za Rossum motoni. Maroboti huwaua watu wote isipokuwa mmoja, Alquist, mjenzi, ambaye humwacha hai kwa sababu naye hufanya kazi kwa mikono yake kama wao. Mwisho maroboti hugundua kwamba hawawezi kuzaa wala kutengeneza wenzao, humwendea Alquist na kumwomba siri ya uhai, naye hana cha kuwapa. Siri imekwisha kuwa majivu. Tumaini huja pale tu roboti wa kiume na wa kike wanapopendana.

Sifa ya kwanza ya tamthilia hii ni ushupavu wake. Mwandishi aliona, mapema kuliko wengi, kwamba kazi ni sehemu ya utu na si mzigo mtupu. Domin anaahidi ulimwengu usio na jasho. Anasahau kumuuliza mtu kama anataka kuwa mtu asiyehitajiwa. Mama aliyerudishwa nyumbani kutoka shambani kwa sababu ya mashine hahitaji kuelezwa jambo hili. Anajua kwamba alipoteza ujira, na pia alipoteza mahali pa kuitwa kwa jina kila asubuhi.

Lakini nadhani wasomaji wengi wa tamthilia hii wamempita Helena bila kumtazama vema. Husemwa kwamba Helena ni mtu wa moyo mwepesi, na kwamba ameandikwa kwa udhaifu. Mimi namwona ndiye ufunguo wa mchezo wote. Huyu ni mgeni ambaye hakupewa jembe. Amekaa kisiwani miaka mingi, akipendwa na kila mtu. Mabwana wa kiwanda humletea maua na zawadi, na wakati huohuo humficha habari za uasi unaokaribia. Hakuna hata mmoja anayeketi naye na kumweleza hatari iko wapi, na hati zile zina thamani gani. Sasa angalieni matokeo. Ni Helena aliyemsihi daktari wa kiwanda awabadilishe maroboti wapate roho. Kutoka katika mabadiliko hayo uasi ukapata nguvu. Ni Helena aliyezichoma hati. Na zile hati ndizo ambazo waliosalia wangaliweza kununulia maisha yao kwa maroboti. Mara zote mbili alitenda kwa huruma, na mara zote mbili alitenda gizani. Kosa si la huruma yake. Kosa ni la wale waliomkirimu wasimwelimishe.

Hapo ndipo naona pia kasoro ya mwandishi. Čapek anamhurumia Helena lakini hamtoi gizani. Anamheshimu Alquist kwa ajili ya mikono yake, lakini hampi Alquist kitabu. Katika mchezo mzima, wanaojua ni wachache, na wanaofanya kazi hawajui. Mwandishi anauona mgawanyo huo, anausikitikia, wala haulizi kama ungaliweza kuvunjwa. Kwa hiyo mchezo unatuachia njia mbili tu, sanduku lililofungwa au moto. Kericho mwaka wa 2023 ilionekana kuwa na njia hizohizo mbili. Tena kwetu moto ulikuwa na faida ndogo zaidi kuliko katika mchezo. Kisiwani moto uliteketeza maarifa yenyewe. Shambani uliteketeza chuma. Maarifa yalibaki salama yalipokuwa, katika karakana za nchi za mbali, na mashine nyingine yaweza kuagizwa.

Kabla ya kukiendea kitabu cha pili, ni lazima nisahihishe jambo ambalo huchanganywa mara nyingi, na sarufi yetu itanisaidia. Je, tuseme roboti anakuja au roboti linakuja? Wale wa Čapek husema, huogopa na hupenda. Kwao ni haki kusema anakuja na wanakuja. Lakini yale ya chuma, yanayotengenezwa na watu wa leo, ni vitu, na ni vizuri kusema linakuja na yanakuja, ili tusije tukakipa kitu lawama au sifa iliyo ya binadamu aliyekinunua. Sasa roboti la chuma ni nini? Ni chombo chenye mambo matatu: kuhisi, kuamua na kutenda. Huhisi kwa vyombo vilivyo kama macho au ngozi. Huamua kwa amri zilizoandikwa katika kompyuta yake. Hutenda kwa mota zinazosukuma magurudumu au mikono. Kwa kipimo hiki mashine za kuchumia chai zilizochomwa hazikuwa maroboti. Wembe hauoni. Hukata kila kilicho katika kimo chake, jani changa na jani kavu, chipukizi na kijiti. Anayeamua ni mtu anayeishika, na anayeamua kumweka mtu huyo mmoja mahali pa wengi ni mtu mwingine tena, aketiye ofisini. Mwanafunzi anayejua tofauti hii amekwisha kujua mahali pa kupeleka swali lake.

Kitabu cha pili ni cha Seymour Papert, kiitwacho Mindstorms, kilichotolewa mwaka wa 1980. Mwandishi huyu alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka wa 1928, akasoma Johannesburg, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu wa fikira za watoto, na mwisho akawa mwalimu katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, Marekani. Mwaka wa 1967, yeye na wenzake, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo. Baadaye wakaifungia lugha hiyo mnyama wa chuma aliyetambaa sakafuni akichora mstari nyuma yake. Wakamwita kobe. Jina hilo walilirithi kutoka Bristol, Uingereza, ambako mwanasayansi William Grey Walter alikuwa ametengeneza kobe wawili wa umeme katika miaka ya 1948 na 1949, Elmer na Elsie, waliofuata mwanga na kurudi kibandani betri zao zilipopungua nguvu.

Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka, kwa maana katika ngano nyingi za kwetu kobe ndiye mwalimu wa wenye kiburi: hana mbio, lakini hufika. Kobe wa Papert naye ni mwalimu wa namna hiyo. Anajua amri chache tu: nenda mbele hatua kadhaa, geuka kulia au kushoto nyuzi kadhaa. Nanyi mwaweza kumjaribu leo bila ya kompyuta. Nendeni uwanjani, mmoja wenu awe kobe, mwingine awe mwenye amri. Mwambieni kobe achore mraba: hatua tano, geuka nyuzi 90, mara nne. Hapo hapana tatizo. Sasa mwambieni achore pembetatu yenye pande sawa. Karibu kila mwanafunzi, kwa kuwa amefundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60, ataamuru kobe ageuke nyuzi 60. Kobe atatii, na badala ya pembetatu ataanza kuzunguka umbo la pande sita. Kosa liko wapi? Mwanafunzi na asimame mahali pa kobe, atembee mwenyewe, ndipo atakapohisi miguuni mwake kwamba anayefika kwenye ncha hageuki kiasi cha pembe ya ndani, bali kiasi kilichobaki mpaka kufika 180, yaani 120. Na mara tatu 120 ni 360, kama vile mara nne 90 ni 360. Kobe aliyefunga safari akarudi alikoanzia, akitazama alikotazama, amezunguka mzunguko mmoja kamili.

Huo ndio uzuri wa kitabu cha Papert. Kosa la mwanafunzi halifutwi kwa wino mwekundu. Latazamwa, latembelewa, laulizwa lilitoka wapi. Mgeni wa elimu hii hapewi zulia la kuketi. Apewa jembe siku ya kwanza. Tena Papert anasema jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo alipenda magurudumu ya meno ya magari, na baadaye kila alipokutana na jambo gumu la hesabu alilifikiri kwa magurudumu hayo. Hakufundishwa kuyapenda, yalikuwa karibu naye. Na mwishoni mwa kitabu anazitaja jumuiya za ngoma za samba za Brazili, ambamo hodari na asiyejua hufanya mazoezi pamoja, mtoto kando ya mzee, wala hakuna anayesubiri awe hodari ndipo aruhusiwe kucheza. Shule, asema, ingefaa ifanane na hizo. Anayetaka kuona jambo hilo kwetu na aende katika karakana za jua kali za mjini Kericho. Mwanagenzi hushika spana siku ileile anayofika, akakemewa, akafundishwa, na baada ya miaka naye akawa fundi.

Hata hivyo kitabu hiki nacho kina upungufu, na upungufu wake ni kinyume cha ule wa tamthilia. Papert anaandika kana kwamba kila mtoto atakuwa na kompyuta mbele yake, na kana kwamba umeme haukatiki. Hilo ni dogo, kwa kuwa alikuwa akitazama mbele, na mengi aliyoyatazamia yametokea. Lililo kubwa ni hili: katika kitabu chake mashine ni chombo cha kufikiria tu. Haijulikani nani anaimiliki, wala nani anarudi nyumbani mikono mitupu inapoingia kazini. Čapek aliuliza mashine yamfanyia nini mfanyakazi, akasahau kumfundisha. Papert aliuliza mtoto atajifunzaje, akasahau kuuliza mama yake anafanya kazi gani. Kila kimoja ni nusu ya kitabu, na nchi ya chai yahitaji nusu zote mbili.

Yafaa sasa tutazame vile elimu hii inavyofika kwetu. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta katika shule. Mlango basi umefunguliwa kwa sheria. Lakini mlango kufunguliwa ni jambo moja, na mgeni kuingia ni jambo jingine.

Nilipata kuona katika shule moja sanduku la maroboti lililoletwa na wafadhili. Lilikuwa zuri mno. Siku ya wageni lilitolewa, wanafunzi wawili waliochaguliwa wakaliendesha roboti juu ya meza, wazazi wakapiga makofi, picha zikapigwa. Kisha sanduku likarudishwa kabatini na kufuli likafungwa, kwa sababu, niliambiwa, vipuri vyake havipatikani na kikipotea kimoja hapana kingine. Wale wanafunzi wengine walikuwa kama Helena kisiwani: walioneshwa, walikirimiwa, na hawakuambiwa kitu. Siwalaumu walimu wale. Aliyekabidhiwa kitu asichoweza kukitengeneza hana budi kukificha. Namlaumu yule anayedhani kwamba zawadi na elimu ni kitu kimoja.

Hata kampuni zenye nguvu hazidumishi vitu vyao milele. Kampuni ya Lego ilitoa seti za maroboti mwaka wa 1998, ikazipa jina la kitabu kilekile cha Papert. Ziliwafundisha watoto wengi duniani, na mwisho wa mwaka wa 2022 kampuni ikaacha kuziuza. Shule iliyojenga somo lake lote juu ya sanduku la namna moja, siku hiyo ilibaki na sanduku. Linganisheni na kibao kidogo kiitwacho Arduino, kilichobuniwa na walimu na wanafunzi wa mji wa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005. Michoro yake haikufichwa. Yeyote aweza kuisoma, kuiiga na kutengeneza chake. Kikiharibika, fundi wa redio mwenye akili aweza kuelewa kimeharibika nini. Mota ndogo hupatikana katika redio za kaseti zilizo mbovu, magurudumu katika vifuniko vya chupa, na mwili katika kopo la rangi. Roboti la namna hiyo halitapendeza katika picha. Lakini mwanafunzi aliyelifungua na kulifunga mara kumi amepewa jembe.

Kizuizi kingine ni maneno. Mtoto wa Bomet husema Kikipsigis nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani; kisha somo la maroboti humjia katika Kiingereza cha namna ya nne, ambacho hata mwalimu wake hakukizoea. Akiambiwa kuhisi, kuamua na kutenda, ameelewa kabla ya kengele kulia. Akiambiwa maneno ambayo hawezi kuyapeleka nyumbani kwa mama yake, somo litakoma langoni pa shule.

Na somo hili halipasi kukoma langoni, kwa sababu huko nyumbani ndiko aliko mtaalamu. Hapa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Tumezoea kumwita mgeni wa elimu hii kuwa ni mtu asiyejua kitu. Si kweli. Mwanafunzi na aende kwa mchuma chai amuulize: umejuaje kwamba chipukizi hili liko tayari? Atajibiwa mambo mengi. Rangi yake ni ya kijani iliyofifia na yenye kung'aa kuliko majani ya chini. Shina lake hukatika kwa wepesi, na lile lililokomaa hukataa. Limesimama juu ya usawa wa mchai. Zimepita siku kadhaa tangu lichumwe la mwisho, na siku hizo huongezeka wakati wa kiangazi au baridi. Jani lililolowa mvua hudanganya mizani. Kila neno katika majibu hayo ni swali la utafiti wa maroboti. Jicho la mashine litatofautishaje kijani na kijani chini ya mawingu? Kidole cha chuma kitahisije ulaini wa shina bila kuliponda? Wachunguzi wa Uchina wamekuwa wakijaribu kutengeneza mashine zenye kamera za kulitambua chipukizi, na mpaka sasa wembe usioona ndio unaotawala mashambani, kwa kuwa kuchagua ni kugumu kuliko kukata. Jambo lililo gumu kwa wachunguzi wa dunia linafanywa kila asubuhi na mwanamke wa Kericho, na hakuna aliyemwambia kwamba analolijua ni elimu.

Najua kuna atakayeuliza: je, mtoto wa mchuma chai afundishwe kutengeneza chombo kitakachomfukuza mama yake kazini? Swali hili ni la haki, wala sitalijibu kwa maneno matamu. Elimu ya maroboti haitarudisha ujira uliopotea. Anayewaahidi vijana wote wa nchi ya chai kwamba watakuwa wahandisi anawauzia mbuzi katika gunia. Mambo ya ujira, ya ardhi, na ya nani agawane faida ya mashine yataamuliwa katika mabaraza, mahakama na vyama vya wafanyakazi, si katika darasa la sayansi. Lakini katika mabaraza hayo patakuwa na mtu atakayesema, mashine hii haina budi, haina namna nyingine, imekuwa hivyo kila mahali. Nani atamjibu? Mtu aliyewahi kuamuru kobe, akaona kosa, akabadili amri, akaona matokeo yakibadilika, anajua kwamba hakuna mashine isiyo na namna nyingine. Kila mashine ni mkusanyiko wa maamuzi ya watu. Aliamua mtu kwamba wembe uwe mrefu na usione. Angaliweza mtu mwingine kuamua kutengeneza chombo cha kumpunguzia mchumaji uzito wa kikapu mteremkoni, au cha kumwonya kwamba mvua ya mawe yaja, na kuuacha mkono wake pale ulipo kwa sababu mkono huo huchuma chai iliyo bora. Vyombo hivyo havitabuniwa na mtu ambaye hajawahi kubeba kikapu wala kumwona mama yake akikibeba.

Kwa hiyo uamuzi wangu juu ya vitabu hivi viwili ni huu. R.U.R. isomwe kwanza, na isomwe kwa sauti darasani, mwanafunzi mmoja akiwa Helena na mwingine Alquist, ili vijana wajue kwamba neno wanalolitamka lilizaliwa katika shokoa. Kisha Mindstorms isomwe uwanjani, kwa miguu, mpaka kila mmoja amekuwa kobe na kila mmoja ametoa amri iliyokosewa. Baada ya hapo vitabu vifungwe kwa muda, na wanafunzi wateremke mpaka kwenye michai, wakiwa na daftari, wamwamkie yule mama mwenye kikapu kwa adabu, wamuulize namna anavyojua.

Naye akishawajibu, wamwoneshe daftari. Siku mbili amekuwa akioneshwa mashine. Huenda hiyo ndiyo siku yake ya tatu.